Panda punje kumi nyumbani kabla hujauza gunia la mbegu

BUJUMBURA. Dirishani kwangu hapa Rohero kuna makopo sita ya rangi yaliyotobolewa chini. Mwanzoni mwa msimu wa mvua niliyajaza udongo, nikachomeka punje 24 za kitunguu saumu, nne katika kila kopo. Vichwa nilivinunua kwa mama mmoja wa Buyenzi anayeuza viungo: vikubwa, vyeupe, visivyo na hata chembe ya udongo, na chini vimenyolewa mizizi kama kidevu cha bwana harusi.

Baada ya siku kumi majani yalikuwa yameshatoka. Mwezi wa pili yalifika kimo cha mkono, na wageni wakawa wanayasifia. Mwezi wa tano yakaanza kukauka, nikachimba. Chini hapakuwa na kichwa hata kimoja. Kulikuwa na shina lililonenepa kidogo, mfano wa kitunguu cha majani, basi.

Nilirudi Buyenzi na ushahidi wangu kwenye mfuko. Yule mama aliutazama, akacheka.

"Mwanangu, hivyo nilikuuzia vya mchuzi. Nani alikwambia ni vya kupanda?"

Hakuna, na kosa lilikuwa langu. Hasara yangu ilikuwa makopo sita na maji. Lakini kosa hilohilo likifanywa na mfanyabiashara anayevusha magunia mpakani, hesabu yake ni nyingine. Mkulima wa mlimani anakuagiza mbegu ya saumu, unamletea gunia la vya mchuzi, analipa, anapanda. Ukweli unajulikana baada ya miezi minne au mitano. Wakati huo fedha yake umeshaizungusha, shamba lake limekula mbolea na nguvu za watoto wake, na anajua unapokaa.

Ndiyo maana makala hii inaanza na makopo ya dirishani. Kupanda punje chache nyumbani ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuijua bidhaa hii kabla hujaitia mtaji.

Kwa nini kiliota, kisizae

Kitunguu saumu hakipandwi kwa mbegu ndogo kama kitunguu maji. Kinapandwa kwa punje zake chenyewe. Kila punje ikifanikiwa hutoa kichwa kimoja, na kichwa hicho hufanana na mama yake. Kwa hiyo, ukinunua mbegu ya saumu umenunua pia tabia za mahali ilikotoka.

Tabia mbili ndizo zinazoamua kama utapata kichwa au majani matupu.

Ya kwanza ni baridi. Punje nyingi huhitaji kupitia majuma kadhaa ya baridi, ama shambani ama zikiwa bado ghalani, ndipo mmea upate ishara ya kujigawa kuwa punje. Bila baridi hiyo, mmea unaweza kutoa majani tu, au kidude kimoja cha mviringo kisichogawanyika.

Ya pili ni urefu wa siku. Aina nyingi za saumu za nchi za mbali husubiri mchana urefuke ndipo zianze kujaza kichwa. China, inayozalisha takriban robo tatu ya vitunguu saumu vyote vya dunia, ina wilaya mashuhuri kwa zao hili iitwayo Jinxiang, katika jimbo la Shandong. Huko mchana wa mwezi Juni unazidi saa 14. Bujumbura ipo karibu na Ikweta: mchana wetu ni wa saa 12 mwaka mzima, na tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki nusu saa. Punje ya Shandong iliyopandwa Rohero itasubiri ishara ambayo haitakuja.

Ongeza na joto la hapa. Mji wa Bujumbura uko kandokando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 800. Ukipanda barabara kuu namba moja kuelekea Muramvya, kabla hujamaliza kilomita 40 unafika Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu, ambako wauza kabichi, karoti na liki huvaa makoti asubuhi. Kitunguu saumu ni mtoto wa Bugarama kuliko wa Rohero. Ni hivyohivyo kwa majirani: Tanzania kinalimwa nyanda za Mbulu mkoani Manyara na milima ya Lushoto; Kenya kinalimwa Meru na Narok; Rwanda, Musanze chini ya volkano; Uganda, Kabale. Ramani ya saumu ya Afrika Mashariki ni ramani ya makoti.

Wanyarwanda wanakiita tungurusumu, neno lililosafiri kutoka Kiswahili na kubadilika njiani. Aliyezoea Kiswahili cha Dar es Salaam husikia "sumu" akashtuka, lakini hakuna sumu hapo. Ni saumu ileile, ambayo baadhi ya watu wa pwani huiita thomu.

Jinsi ya kupanda nyumbani, hata Rohero

Baada ya kuchekwa, nilianza upya. Haya ndiyo niliyoyafuata, na yeyote mwenye kibaraza au ua anaweza kuyafuata.

Kwanza, tafuta vichwa vilivyolimwa ukanda huu, vya mwinuko. Mara nyingi utavitambua: ni vidogo, vina rangi ya zambarau au udongo kwenye ganda, havilingani ukubwa, na chini bado vina ndevu za mizizi mikavu. Vya ng'ambo kwa kawaida vinalingana, ni vyeupe, na chini vimenyolewa. Vingine vimehifadhiwa kwa njia za kuvizuia visichipue. Alama hizi si hati ya asili. Ni mwanzo wa kuuliza, na swali ni hili: vilivunwa wapi, na mwezi gani?

Pili, vipe baridi. Weka vichwa vizima, vikavu, ndani ya mfuko wa karatasi, kisha vikae kwenye friji la kawaida, si kwenye sehemu ya kugandisha, kwa majuma manne hadi nane. Usivifunge kwenye mfuko wa plastiki, vitatoa jasho na kuota ukungu. Umeme ukikatika usiku kucha usifungue mlango wa friji, na ukikatika siku nyingi ongeza juma moja. Ukishavitoa, vipande mapema. Kichwa kilichotoka kwenye baridi huchipua upesi, na kwa sababu hiyohiyo usiweke frijini saumu unayotaka kuuza.

Tatu, pambanua punje siku ya kupanda, si kabla. Usimenye ganda. Chagua zile kubwa za pembeni, zile nyembamba za katikati zipeleke jikoni. Punje kubwa hutoa kichwa kikubwa.

Nne, chombo kiwe na kina cha sentimita 20 au zaidi, na matundu ya kutosha chini. Udongo uwe mwepesi, uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza na kuleta uozo. Chomeka punje ncha ikitazama juu na kitako chini, kina cha sentimita tatu hadi tano, na kutoka punje hadi punje acha sentimita kumi. Kwenye tuta la uani, mstari hadi mstari acha sentimita 20.

Tano, maji kiasi. Udongo uwe na unyevunyevu, usiwe tope. Mvua za Bujumbura za Machi na Aprili zinaweza kuua saumu ya kwenye kopo kwa siku tatu, kwa hiyo weka chombo pembezoni mwa baraza ambapo jua linaingia na mvua haipigi moja kwa moja. Ng'oa magugu kila juma, maana majani ya saumu ni membamba na hayawezi kuyafunika.

Sita, majani ya chini yakianza kuwa manjano, acha kumwagilia. Baada ya kama majuma mawili, majani nusu yakiwa yamekauka, chimba kwa kijiti. Usivute kwa mkono, shingo itakatika. Ning'iniza vichwa na majani yake mahali penye kivuli na upepo kwa majuma mawili hadi matatu, kisha ndipo ukate.

Awamu ya pili nilipanda punje 24 tena, za vichwa vya mlimani vilivyokaa frijini majuma sita. Nilivuna 17. Vingi ni vidogo, na vitano kati yake ni vya mviringo, kidude kimoja bila punje. Vilivyobaki viligawanyika vizuri. Haitoshi kufungua duka, lakini inatosha mchuzi wa mwezi, na imenifundisha kuangalia kitako cha saumu kabla sijatoa pesa. Ukikosa friji, usiache kupanda: majani yake mabichi hukatwa na kutiwa kwenye maharage au mukeke, na punje moja hukupa majani mara mbili au tatu.

Hesabu ya kilo moja

Sasa turudi kwenye mtaji. Hii ni mifano ya hesabu tu, kila mmoja aweke namba za kwake.

Kilo moja ya saumu ya mlimani inaweza kuwa na vichwa 30. Kila kichwa kikiwa na punje kumi, una punje 300. Ukitoa ndogo, zimebaki 200 za kupanda. Kwa nafasi ya sentimita 10 kwa 20, mita moja ya mraba inabeba punje 50, kwa hiyo 200 zinataka mita nne tu. Zikifanikiwa nane katika kila kumi, unavuna vichwa 160. Vikiwa na gramu 25 kila kimoja, ni kilo nne. Vikikauka vinapungua uzito, vinabaki kilo tatu na kitu. Na humo utoe kilo moja ya kupanda msimu ujao.

Kwa hiyo kilo moja imezaa kilo mbili na kidogo za kuuza. Zao hili linakula mtoto wake kila msimu, tofauti na kitunguu maji ambacho kijiko cha mbegu kinajaza tuta. Hapo ndipo mbegu ya saumu inapopanda bei kuliko ya kula, na hapo ndipo kishawishi kinapoanza: kuchukua gunia la vya mchuzi, kulipa jina la mbegu, na kupandisha bei.

Mpakani, gunia moja lina majina mawili

Kwa afisa wa mpaka, saumu ya kula na saumu ya kupanda ni shehena mbili tofauti, hata kama zimetoka shamba moja. Ya kupanda ni mbegu. Inahitaji kibali cha kuingiza kinachotafutwa kabla ya safari, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Tanzania kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kenya ni KEPHIS. Hapa Burundi, ofisi ya taifa ya kukagua na kuthibitisha mbegu ni ONCCS, na anayetaka ushauri wa aina zinazofaa mwinuko gani ana taasisi ya utafiti wa kilimo, ISABU. Kuuliza ofisini kabla ya kupakia ni nauli ya basi. Kuuliza ukiwa Kobero na gunia limeshushwa ni siku mbili za kulala mpakani.

Wengi wetu tunaujua utaratibu wa biashara iliyorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ya bidhaa zilizo kwenye orodha ya pamoja na zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, hupewa cheti cha uasili kilichorahisishwa palepale mpakani. Mambo mawili husahaulika. Cheti hicho hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea. Na kinaangalia mahali bidhaa ilikozalishwa, si ilikonunuliwa. Saumu ya China haigeuki kuwa ya Tanzania kwa kulala usiku mmoja Kariakoo. Ukiiandika ya Mbulu na afisa akageuza kichwa akakuta kimenyolewa, maneno yatakuwa mengi.

Kwa wanaonunua Tanzania, njia zinazofahamika ni Kabanga na Kobero, Manyovu na Mugina, au ziwani kutoka Kigoma hadi bandari ya Bujumbura. Saumu ya Musanze ilikuwa karibu zaidi, lakini tangu Burundi ilipofunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024, mwenye mtaji mdogo hawezi kuijengea biashara njia hiyo. Hiyo nayo ni sababu ya kuwa na mbegu yetu wenyewe milimani.

Popote unapopita, pakia saumu kwenye mifuko ya nyavu, isiwe kwenye viroba vilivyoshonwa kila upande. Saumu inapumua. Ikikosa hewa njiani, utafika na gunia la ukungu.

Ugonjwa unaokaa ardhini miaka 20

Nimeacha jambo zito mwishoni, ingawa ndilo lililonifanya niandike.

Upo ugonjwa wa ukungu unaoshambulia saumu, vitunguu maji na liki, uitwao uozo mweupe. Majani hugeuka manjano kuanzia ya zamani, mmea unalegea, na ukiung'oa unakuta kitakoni pamba nyeupe yenye vijipunje vyeusi vidogo kama kichwa cha sindano. Vijipunje hivyo ndivyo hatari. Hubaki hai ardhini miaka 20 na zaidi, vikisubiri. Shamba likishaingiwa, si saumu tu inayokwisha: kitunguu na liki pia haviwezi kulimwa humo. Hakuna dawa ya bei ya mkulima mdogo inayousafisha udongo. Ethiopia, mmoja wa wazalishaji wakubwa wa saumu barani kwetu, inaujua vizuri ugonjwa huu katika nyanda zake za juu.

Na unasafirije? Kwenye udongo ulioganda kwenye mizizi, kwenye jembe, kwenye viatu, na zaidi ya yote kwenye punje za kupanda. Maana yake, anayeupandisha mlimani anaweza kuwa mimi na wewe.

Kuna mtego mwingine. Ukungu huu unapenda udongo wa baridi. Kopo la Rohero, lenye joto, linaweza kuubeba bila kuonyesha dalili yoyote. Ukichukua vichwa vya kopo hilo, au udongo wake, ukampelekea shangazi yako Bugarama akaanzishe tuta, huko ndiko utakakoamka. Mlima ule unalisha jiji hili liki. Hasara yake haitaishia kwa shangazi.

Kwa hiyo kopo la mjini liwe la kula na la kujifunzia. Kinachovunwa Rohero kiliwe Rohero. Mbegu ya mlimani itoke kwa mtu anayejulikana, iliyokaguliwa, na ifike imekung'utwa udongo. Mkulima akiona pamba nyeupe na vijipunje vyeusi, ang'oe mmea pamoja na udongo unaouzunguka, auchome, asiutupe kwenye mbolea ya takataka, na amwite bwana shamba siku hiyohiyo.

Kopo moja kwa kila gunia

Wafanyabiashara wa Bujumbura wanajua maana ya kupoteza mtaji asubuhi moja. Januari 27, 2013, soko kuu la jiji, hapahapa Rohero, liliteketea kwa moto, na wapo ambao hawakuinuka tena. Moto ule haukuwa mikononi mwa mwenye meza. Gunia la mbegu limo mikononi mwako.

Unapopata muuzaji mpya wa saumu, usianze na gunia. Nunua vichwa vitatu. Muulize vilivunwa wapi na lini, uandike. Angalia kitako: kuna mizizi, kuna pamba, kuna vijipunje vyeusi? Kata punje moja katikati uone chipukizi lake ni zima. Kisha mpe mkulima mmoja unayemwamini, wa mwinuko uleule utakaomuuzia, punje kumi azipande kando na shamba lake, na wewe upande kumi nyumbani. Ndani ya miezi mitano mtakuwa na majibu mawili. Ni muda mrefu kwa mtu aliyezoea kuzungusha pesa kila juma, lakini ni muda uleule ambao mteja wako angeusubiri kwa hasara yake.

Yule mama wa Buyenzi nilimpelekea vichwa viwili vya mavuno yangu ya pili. Alivigeuza, akaangalia kitako, akanusa. Akaniuliza kama ninavyo vingine vya kuuza. Nikamwambia sina, ni vya mchuzi.